Bakteria wa tumbo na saratani ya utumbo mpana: cha kula, cha kuuliza, cha kuacha dukani

Ukishaambiwa una saratani ya utumbo mpana, au ukiwa unamuuguza aliyeambiwa hivyo, wiki haiishi kabla hujatumiwa habari za bakteria kwenye WhatsApp. Mmoja atakuandikia kwamba saratani hiyo inaletwa na bakteria, kwa hiyo tafuta dawa ya kuwaua. Mwingine atakwambia bakteria wako wazuri wamekufa, kwa hiyo nunua vidonge vya kuwarudisha, kopo moja laki na kitu. Wote wawili wameokota kipande cha habari ya kweli, wakakijengea ushauri mbovu.

Msimamo wangu nauweka mbele. Kwa elimu iliyopo leo, karibu kila faida ambayo mgonjwa anaweza kuipata kupitia bakteria wa tumbo iko kwenye sufuria ya nyumbani, na kwenye antibayotiki anazoacha kuzimeza ovyo. Haiko kwenye kopo. Na hakuna bakteria, awe mwema au mbaya, anayechukua nafasi ya upasuaji, kemo au mionzi.

Utumbo mpana ndio makao ya bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalihesabu bakteria trilioni 38 katika mwili wa mtu mzima, uzito wao wote ukiwa kama gramu 200. Wengi wao wanaishi pasipo oksijeni, na wengi wanakula kile ambacho tumbo letu limeshindwa kukimeng'enya, hasa nyuzinyuzi. Wakishakula wanatoa asidi ndogondogo. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda kwenye ukuta wa utumbo mpana. Hilo likumbuke, maana tutalirudia tukifika kwenye maharage.

Flagyl

Naanza na Flagyl kwa sababu hapa kwetu ndiyo dawa ya tumbo kwa kila mtu. Tumbo likisokota, Flagyl. Choo kikiwa na utelezi, Flagyl. Damu ikionekana, mtu anaambiwa ni amiba au bawasiri, anapewa Flagyl tena. Mara nyingi ni kweli, ni amiba au bawasiri. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo hujitokeza hivyohivyo: damu, choo kubadilika umbo au mpangilio, kuhisi hujamaliza haja, kukonda, upungufu wa damu usio na maelezo. Kwa hiyo shika kanuni hii: ukimaliza dozi moja kamili na dalili zikabaki au zikarudi, usimeze dozi ya pili kabla ya kupimwa. Kipimo chenyewe ni kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, kolonoskopi, na kikionekana kivimbe kinachukuliwa kinyama kwenda maabara. Usiseme mimi bado kijana. Saratani hii inazidi kuwapata watu walio chini ya miaka 50 katika nchi nyingi.

Kichekesho ni kwamba Flagyl ina sehemu yake katika utafiti wa saratani hii. Kuna bakteria wa kinywani anayeitwa *Fusobacterium nucleatum*, anayejulikana sana na madaktari wa meno kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Mwaka 2012 makundi mawili ya watafiti, moja la Kanada na jingine la Marekani, yalimkuta kwa wingi ndani ya uvimbe wa utumbo mpana. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba saratani ikisambaa hadi kwenye ini, bakteria huyu anakwenda nayo. Watafiti walipopandikiza uvimbe wa binadamu wenye bakteria huyu kwenye panya, kisha wakawapa panya hao metronidazoli, uvimbe ulipunguza kasi ya kukua. Metronidazoli ndiyo Flagyl.

Najua mtu akifika hapa mkono unakwenda mfukoni. Subiri. Uvimbe ule ulipunguza kasi, haukuisha, tena ni kwa panya. Si kila uvimbe una bakteria huyo: utafiti wa mwaka 2024 ulibaini kundi dogo la *Fusobacterium* linalopenda saratani hii, ukalikuta kwenye karibu nusu ya vivimbe vilivyopimwa. Na Flagyl inaua bakteria wasiotaka oksijeni bila kuchagua, wakiwemo hao hao wanaotengeneza butireti. Ni sawa na kuchoma shamba zima kwa ajili ya magugu ya kona moja. Daktari wa saratani hatakuandikia Flagyl ili kutibu saratani, usijiandikie.

Faida ya kweli unayoweza kuitoa kwenye habari hii ni ndogo lakini ni ya bure: shughulikia meno. Kwamba kupiga mswaki kunazuia saratani isirudi, hilo halijathibitishwa. Ila jino lililooza au fizi yenye usaha ni mlango wa maambukizi mara kemo itakaposhusha kinga, na kung'oa au kuziba ni salama zaidi kabla ya kemo kuanza kuliko katikati yake.

Usijilaumu kwa ulichokula mwaka jana

Mtuhumiwa wa pili ni aina fulani ya *Escherichia coli* inayotoa sumu iitwayo kolibaktini. Sumu hiyo inakwaruza DNA na kuacha alama inayotambulika hata miaka mingi baadaye. Mwaka 2025 watafiti walisoma jenomu za vivimbe 981 kutoka nchi 11, wakakuta alama hizo mara 3.3 zaidi kwa waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70. Mpangilio wa alama ulionyesha kwamba mikwaruzo mingi iliingia mapema sana, yawezekana katika miaka kumi ya kwanza ya maisha.

Kwa mgonjwa, maana yake ni nyepesi. Kama una miaka 38 na unajiuliza ni chipsi za chuoni au ni bia za harusini, acha kujitesa. Na kwa kuwa jeraha ni la zamani, kumuua bakteria huyo leo hakulifuti. Kampuni zinazouza kipimo cha kuorodhesha bakteria wa choo chako zitakupa karatasi nzuri yenye rangi nyingi. Muulize daktari wako kama majibu yake yatabadilisha chochote katika tiba. Leo hii hayabadilishi.

Yuko bakteria mmoja anayemfanya daktari aagize kolonoskopi papo hapo: *Streptococcus gallolyticus*, ambaye zamani aliitwa *bovis*. Akikutwa kwenye damu ya mtu mwenye maambukizi ya vali za moyo, utumbo mpana lazima uchunguzwe, kwa sababu mara nyingi ndiko alikopenyea.

Kabla na baada ya kisu

Hapa mambo yanageuka, na ndipo watu waliosoma sana intaneti wanapojidhuru. Kuna wagonjwa wanaokataa antibayotiki za upasuaji wakisema wanalinda bakteria wao. Usifanye hivyo. Utumbo unapokatwa na kuunganishwa, bakteria wale wale waliokuwa na faida wakiwa ndani wanakuwa hatari wakimwagika tumboni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kwa upasuaji wa utumbo mpana uliopangwa kwamba mgonjwa akipewa dawa ya kusafisha tumbo, apewe pamoja nayo antibayotiki za kumeza, kwa sababu maambukizi ya kidonda hupungua. Juu ya hizo kuna sindano ya antibayotiki, inayotolewa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa.

Kwa hiyo, siku ya kupanga upasuaji, uliza hivi: "Daktari, mbali na dawa ya kusafisha tumbo, kuna vidonge vya antibayotiki nitakavyotakiwa kumeza? Siku gani, saa ngapi?" Andika jibu.

Mwongozo huo huo unakataza kuendeleza antibayotiki za kinga baada ya upasuaji kwisha. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko wa antibayotiki za wiki nzima, na huna homa wala kidonda hakitoi usaha, uliza kwa adabu zinatibu nini. Huenda ipo sababu; basi itajwe. Kama ni "kwa usalama tu", hapo una haki ya kujadiliana. Muuguzaji mwenye sauti ya upole anafanikiwa kuliko mgonjwa mwenyewe kwenye mazungumzo haya.

Wakati wa kemo

Dawa moja ya kemo inayotumika sana saratani hii ikishasambaa ni irinotekani. Ini linaifunga sumu yake na kuitupa kwenye utumbo ikiwa imepoozwa. Huko bakteria wenye kimeng'enya cha kuifungua wanaikuta, wanakata kile kifungo ili wapate sukari iliyofungiwa, na sumu inaamka upya ukutani mwa utumbo. Matokeo yake ni kuhara kukali kunakoanza zaidi ya saa 24 baada ya dripu, pengine siku kadhaa baadaye ukiwa umesharudi kijijini.

Watafiti wanatafuta dawa ya kukizima kimeng'enya hicho bila kuwaua bakteria wenyewe. Wewe usisubiri. Kabla hujatoka kliniki hakikisha una loperamidi mkononi na maelekezo yaliyoandikwa, kwa kuwa namna ya kuimeza kwa kuhara huku si ile iliyoandikwa kwenye pakiti. Uwe na pakiti za ORS pia. Ukihara usiku kucha, ukishindwa kunywa, au ukaona damu, nenda hospitali. Usinunue Flagyl wala Sipro njiani.

Kuna mkasa wa Japani wa mwaka 1993 ambao kila anayetumia kemo ya kundi la 5-FU, vikiwemo vidonge vya kapesitabini, angefaa kuujua. Dawa mpya ya mkanda wa jeshi, sorivudini, iliingia sokoni. Bakteria wa tumbo waliigeuza kuwa kemikali nyingine, nayo ikazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja 5-FU. Kemo ikajikusanya mwilini, na ndani ya wiki chache wagonjwa zaidi ya kumi wakafariki. Kila dawa ilikuwa na kazi yake halali. Kilichoua ni mkutano wa dawa hizo mwilini. Ndiyo maana orodha unayompa daktari iwe na kila kitu: dawa ya presha, omeprazoli ya vidonda vya tumbo, sanamaki, mizizi ya shangazi, unga wa mlonge. Daktari akigomba, mwache agombe. Bora agombe akiwa anajua.

Homa wakati wa kemo haina mjadala. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, useme mlangoni kwamba uko kwenye kemo. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka, bakteria wa tumbo lako mwenyewe wanaweza kupenya hadi kwenye damu, na antibayotiki za mshipa zinaokoa maisha. Hapo usifikirie kabisa habari ya kulinda bakteria wema.

Kwa sababu hiyo hiyo, chembe zikiwa chini, epuka maziwa yasiyochemshwa na kilichochachushwa nyumbani kutokana nayo: maziwa ya mgando ya mtaani, mursik, maziwa lala ya kibuyuni. Mtindi wa kiwandani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopasteurishwa unaruhusiwa na hospitali nyingi, lakini uliza ya kwako. Vidonge vya bakteria hai ndivyo vya kuacha kabisa kipindi hiki, kwani zipo ripoti za wagonjwa wenye kinga dhaifu waliokutwa na bakteria wa vidonge hivyo kwenye damu.

Sufuria

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alishangaa jinsi magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa Ulaya yalivyokuwa adimu vijijini Uganda. Mwaka 1971 aliandika kwamba tofauti ni nyuzinyuzi. Alirahisisha mno, lakini hakukosea njia. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio la kubadilishana vyakula kwa wiki mbili: Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walikula chakula cha kijijini Afrika Kusini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, na watu 20 wa kijijini Afrika Kusini walikula cha Kimarekani. Butireti ilipanda kwa wa kwanza na kushuka kwa wa pili, na viashiria vya hatari kwenye ukuta wa utumbo vikageuka kufuata chakula. Wiki mbili tu!

Karibu zaidi na nyumbani, jaribio la mkoani Kilimanjaro lililochapishwa mwaka 2025 liliwashirikisha wanaume 77 wenye afya. Waliohamishwa kutoka vyakula vya asili kwenda vya kisasa kwa wiki mbili walipandisha viashiria vya mchochota (mwili kuwaka, si uvimbe wa saratani) kwenye damu, na waliohamia vya asili vikashuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja, na viashiria vyao navyo vikashuka. Wachaga wasinishangilie mapema: mbege ni pombe, na pombe ni miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani hii. Anayetaka kilichochachuka bila kilevi ana togwa, na kabla ya kukinywa apime chembe nyeupe ziko wapi.

Lengo kwa mtu mzima ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15, yaani nusu ya kazi imekwisha. Ugali wa dona badala ya sembe. Mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe. Ulezi na mtama kwenye uji. Kisamvu, matembele, parachichi, ndizi ambayo haijaiva sana. Hakuna hapo cha kuagiza kutoka nje, na vingi ni vyakula tulivyofundishwa kuviona vya kimaskini. Soseji na nyama za kopo ziondoe: mwaka 2015 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika.

Sasa tahadhari, na hii isome mara mbili. Kama uvimbe umebana njia na bado hujafanyiwa upasuaji, maharage na dona vinaweza kuziba kabisa. Tumbo likijaa, ukitapika, ukakosa choo na hata hewa haitoki, hiyo ni dharura. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji pia chakula huwa laini, na nyuzinyuzi hurudishwa kidogo kidogo kama mpasuaji atakavyoelekeza. Aliyewekewa mfuko wa choo kwenye utumbo mwembamba awe mwangalifu na mahindi ya kuchoma, uyoga, karanga na machungwa yenye nyuzi: kipande kidogo, kitafunwe hasa, na maji ya kutosha.

Kwa miaka mingi wanaopigwa mionzi ya nyonga waliambiwa waache nyuzinyuzi wasiharishe. Jaribio la London lililochapishwa mwaka 2017, lenye wagonjwa 166, lilikuta waliokula nyingi ndio walioumia tumbo kidogo zaidi. Kwa hiyo kama hospitali yako bado inakupa karatasi ya zamani, uliza kama inakuhusu.

Na nyuzinyuzi nazo zina mipaka. Katika jaribio la watu wenye Lynch, hali ya kurithi inayoleta saratani hii mapema, kwa waliopewa gramu 30 za wanga sugu kila siku saratani ya utumbo mpana haikupungua, ingawa saratani nyingine zilipungua karibu nusu. Aspirini ndiyo iliyopunguza ile ya utumbo. Kwa aliyekwisha kumaliza kemo, ushahidi wenye nguvu zaidi nje ya hospitali ni wa mazoezi: jaribio la wagonjwa 889 lililochapishwa mwaka 2025 lilionyesha kwamba programu ya mazoezi ya miaka mitatu ilipunguza saratani kurudi na kurefusha maisha. Kutembea hakuuzwi kwenye kopo.

Ukibaki na hela ya kopo

Tiba ya kinga, yaani dawa zinazoisukuma kinga ya mwili ishambulie saratani, ndiyo sehemu ambayo bakteria wa tumbo wanaonekana kuwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa wagonjwa wa saratani mbalimbali, waliomeza antibayotiki karibu na kuanza tiba hiyo wamekuwa wakipata matokeo mabaya zaidi. Kwa wenye saratani ya ngozi ya melanoma, waliokula nyuzinyuzi za kutosha walifanya vizuri kuliko wasiokula, na vidonge vya probayotiki havikuwapa faida. Upandikizaji wa kinyesi cha mtu mwenye afya unajaribiwa, usiujaribu nyumbani. Marekani ilitoa onyo mwaka 2019 baada ya mgonjwa kufa kwa bakteria sugu waliotoka kwenye kinyesi alichopandikiziwa.

Ila si kila mwenye saratani ya utumbo mpana anafaa tiba ya kinga. Inawafaa hasa wachache ambao uvimbe wao umepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA, na hilo linajulikana kwa kipimo kiitwacho MMR. Mwaka 2022 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya puru wa aina hiyo waliotibiwa kwa dostarlimabu pekee, na kwa wote 12 uvimbe haukuonekana tena. Dawa yenyewe ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini MMR inaonyesha pia nani achunguzwe Lynch, na hapo ndugu zako wa tumbo moja wanaingia kwenye hesabu, maana wanaweza kupimwa kabla ya kuugua.

Kwa hiyo hela ya kopo iweke kwenye kipimo hicho. Uliza kliniki: "Kinyama changu kimepimwa MMR?" Kama bado, hakuna haja ya kukatwa tena, kwa sababu maabara ya patholojia huhifadhi kinyama kikiwa ndani ya nta. Omba nakala ya ripoti, angalia namba ya sampuli iliyoandikwa juu yake, na uulize maabara inazihifadhi sampuli kwa muda gani kabla ya kuzitupa.